Mwondolee Jirani Kisiki: Mwongozo wa Kubadili Tabia Mtaani, Kutoka Babati

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 maofisa wa misitu walipanda vilima vya Duru-Haitemba, nje ya mji wa Babati, kupima mipaka. Serikali ilitaka msitu ule wa miombo, wenye ukubwa wa hekta karibu 9,000, uwe hifadhi yake. Nia ilikuwa njema, maana miti ilikuwa inaisha. Lakini habari zilipofika vijijini, watu walishika mashoka. Walipiga hesabu rahisi: kama kesho msitu si wetu, leo tuchukue tunachoweza kubeba. Upimaji uliokusudiwa kuokoa miti ukaharakisha kuikata.

Mwaka 1994 na 1995 mambo yaligeuzwa. Vijiji vinane vinavyouzunguka msitu huo, yaani Ayasanda, Bubu, Duru, Endagwe, Endanachan, Gidas, Hoshan na Riroda, vikakabidhiwa kila kimoja kipande chake kukisimamia. Watu wakakaa mikutanoni wakaamua wenyewe nini kiruhusiwe bure, nini kihitaji kibali na nini kikomeshwe. Wakachagua vijana wao wawe walinzi. Wakatunga sheria ndogo, Halmashauri ya Wilaya ikazipitisha. Uchomaji mkaa na ufyekaji wa mashamba mapya ukadhibitiwa, na miti ikaanza kuchipua tena. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilipokuja kuutambua msitu wa kijiji, Babati ilikuwa tayari na mfano wa kuonyesha.

Tafakari jambo hili kabla hatujaenda mbele. Watu ni walewale, na bado walihitaji kuni. Hawakuhitaji kufundishwa faida za miti. Walizijua tangu utotoni. Walichokosa mwanzoni ni uhakika kwamba anayejizuia leo ndiye atakayevuna kesho, na kwamba jirani naye anajizuia. Walipoupata, mwenendo wao ukabadilika.

Mwongozo huu ni wako wewe mwenyekiti wa mtaa, mwalimu, mlezi wa kikundi, katibu wa kikoba, kiongozi wa dini au kijana unayeumia kuona mtaro umejaa chupa na Ziwa Babati likimegwa ukingoni. Umeshatangaza, umeshabandika mabango, umeshagomba, na hali ni ileile. Ninachokuomba uamini ni hiki: mara nyingi watu wanajua tayari unachotaka kuwaambia. Mbele yao kuna kisiki. Kazi yako ni kukitafuta na kukiondoa.

1. Chagua tendo moja linaloonekana kwa macho

"Tutunze mazingira" si tendo. Hakuna mtu anayeamka asubuhi akatunza mazingira. Anaamka akafagia, akabeba taka, akawasha jiko, akapeleka ng'ombe kunywa maji. Kampeni yako ianze na kitendo ambacho mtoto wa darasa la tatu akisimama njiani anaweza kusema kimefanyika au hakijafanyika.

Tuseme uko Bagara au Maisaka na kero ni mtaro unaoziba kila mvua ikinyesha. Usiseme "usafi wa mtaa." Sema: "Kila kaya iweke taka zake kwenye kiroba, kiroba kitolewe barabarani Jumanne na Ijumaa asubuhi." Kama kero ni ukingo wa ziwa, usiseme "tulinde ziwa letu." Sema: "Msimu huu hakuna jembe litakalovuka vigingi vya mita 60," kwa kuwa huo ndio upana ambao Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaulinda kandokando ya maziwa na mito. Tendo likiwa wazi, watu watajua walichokubali, na wewe utajua cha kuhesabu.

Chagua moja tu. Mtaa unaoombwa mambo saba hufanya nusu ya moja.

2. Kaa kimya, tazama, kisha uliza

Katika Vita Kuu ya Pili, mwanasaikolojia Kurt Lewin aliitwa kusaidia Marekani ibadili ulaji wa wananchi wake. Moja ya mafunzo aliyoyaacha ni kwamba mwenendo wa mtu unashikiliwa na nguvu mbili, zinazomsukuma mbele na zinazomzuia. Ukiongeza msukumo bila kugusa kizuizi, unaongeza msongo tu: mtu anakasirika, anajificha, au anatii siku ukiwepo. Ukipunguza kizuizi, anakwenda mwenyewe.

Kwa hiyo wiki ya kwanza usitoe tangazo lolote. Chukua daftari, kaa karibu na mtaro saa za asubuhi na saa za jioni. Andika nani anatupa, anatupa nini, anatoka wapi, amebeba kwa chombo gani. Kisha zungumza na kaya kumi. Usiulize, "Kwa nini mnatupa taka ovyo?" Swali hilo ni hukumu, na jibu lake litakuwa uongo wa adabu. Uliza, "Jana taka za hapa nyumbani ziliishia wapi? Nani alizipeleka? Ingekuwaje rahisi zaidi?"

Utashangazwa na visiki utakavyovikuta. Pengine anayetupa ni mtoto wa miaka minane aliyetumwa, na jalala liko mbali au lina mbwa. Pengine mkokoteni wa taka hupita saa tatu, mama akiwa tayari yuko sokoni. Pengine mpangaji anaambiwa tozo ni ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba anasema ni ya mpangaji. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachotibiwa na bango la "Usitupe taka hapa."

3. Ondoa kisiki kabla ya kuhubiri

Vijijini magharibi mwa Kenya, watu walijua kwamba maji ya chemchemi huleta magonjwa, na dawa ya klorini ilikuwa ikiuzwa madukani. Wachache walinunua. Watafiti, akiwemo Michael Kremer aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, wakajaribu jambo dogo: wakaweka chombo cha klorini palepale chemchemini, chenye koki inayotoa kipimo kimoja kinachotosha ndoo. Mama anafika, anazungusha koki, anakinga maji, anaondoka. Watumiaji wakaongezeka mara kadhaa. Koki ilikuwa mahali ambapo mkono tayari umeinuka, na kila aliyekuwa kwenye foleni alimwona mwenzake akiizungusha.

Ukitaka mfano wa hapa nyumbani, kumbuka tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara. Kwa miaka tuliambiwa rambo zinaua mifugo na kuziba mitaro, na tukaendelea kuzibeba, kwa sababu muuzaji alikuwa anakufungia kabla hujasema neno. Siku rambo ilipokosekana dukani, watu walitoka nyumbani na kikapu. Kilichobadilishwa kwanza kilikuwa kaunta ya duka, na mkono wa mnunuzi ukafuata.

Jiulize basi: katika tendo nililochagua, ni hatua gani moja ninayoweza kuifupisha? Kiroba kining'inizwe wapi ili kiwe karibu kuliko mtaro? Mkokoteni unaweza kupita kabla ya saa moja na nusu? Mama lishe anaweza kupewa ndoo ya maganda ambayo mfugaji wa nguruwe ataifuata mwenyewe? Stendi, pipa liko pale abiria anapomalizia kula hindi lake, au liko pale palipokuwa na nafasi ya kuliweka?

Wakati nao ni kisiki. Kremer na watafiti wengine walikuta kwamba wakulima wengi wa Busia walikusudia kununua mbolea, lakini msimu wa kuiweka ulipofika pesa ilikuwa imekwisha. Walipofuatwa wakati wa mavuno, wakiwa na pesa mkononi, na kuahidiwa kuletewa mbolea bila gharama ya usafiri, wanunuzi waliongezeka. Wewe wa Babati unajua pesa inaingia lini. Mchango wa majiko banifu au wa miche uombwe mbaazi zikishauzwa. Ukiuomba Februari, gunia likiwa tupu na ada za shule zimeshamaliza kilichobaki, hata anayekuunga mkono atakukwepa njiani.

4. Usitangaze wingi wa wakosaji

Hapa ndipo viongozi wengi wenye nia njema hujikwaa. Tunasimama mkutanoni na kusema, "Ndugu zangu, mtaa huu kila mtu anatupa taka ovyo!" Tunadhani tunawaaibisha. Ujumbe unaofika ni mwingine kabisa: kila mtu anafanya, kwa hiyo ni kawaida, na ukiacha wewe peke yako utakuwa mjinga.

Robert Cialdini na wenzake walilipima hili katika hifadhi moja ya Arizona, Marekani, ambako wageni walikuwa wakiiba vipande vya miti ya kale iliyogeuka mawe. Bango moja lilisema wageni wengi wa zamani wamechukua vipande na kuharibu hifadhi. Lingine liliomba tu wageni wasichukue. Watafiti waliweka njiani vipande vyenye alama, kisha wakahesabu vilivyopotea. Palipokuwa na bango la "wengi wamechukua" viliibwa karibu 8 kati ya kila 100. Palipokuwa na ombi tupu, chini ya 2.

Kwa hiyo tafuta ukweli unaotia moyo, kisha uuseme. Kama kati ya kaya 60 za mtaa wako 41 zinatoa kiroba siku ya mkokoteni, habari ni hiyo 41. Iandike kwa chaki kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Kama ni 12 tu, usidanganye, sema, "Mwezi uliopita tulikuwa 5, sasa tumefika 12." Watu hufuata idadi kubwa, na hufuata pia idadi inayopanda.

Fanya pia wema uonekane. Kosa lina makelele: lundo la taka linanuka na kuonekana na kila mpita njia. Wema haunuki. Anayetumia jiko banifu yumo jikoni mwake, asiyelima ukingo hana cha kuonyesha. Mpe alama: kiroba cha rangi moja mlangoni, mche wenye kibao cha jina la kaya, kigingi kilichopakwa chokaa. Jirani akiona alama kumi njiani kabla ya kufika kwake, hutahitaji kumwambia neno.

5. Waache waamue kwa midomo yao

Turudi kwa Lewin. Serikali ya Marekani ilitaka akina mama wapike moyo na figo ambazo familia nyingi zilizidharau, ili nyama nyingine iende kwa askari. Makundi mengine yalipewa mhadhara mzuri wenye lishe, uzalendo na mapishi. Makundi mengine yalikaa kwa muda uleule yakajadiliana: mama kama sisi angeanzaje? Mume atasema nini? Mwishoni, aliyekuwa tayari kujaribu aliinua mkono mbele ya wenzake. Baadaye walifuatwa. Waliosikiliza mhadhara, 3 kati ya 100 ndio waliopika. Waliojadiliana na kuinua mikono walikuwa 32.

Ukisoma matokeo hayo ukiwa Babati, utatabasamu, maana sisi tuna vyombo vya kazi hii tangu zamani. Tuna baraza la wazee chini ya mti, tuna kikoba, tuna jumuiya za makanisani na madrasa, tuna kijiwe cha bodaboda. Tatizo ni kwamba tumegeuza mikutano yetu kuwa mihadhara. Mgeni rasmi anazungumza saa moja na nusu, wananchi wanapiga makofi, soda inanywewa, basi.

Jaribu mpangilio huu katika kikao cha watu wasiozidi 25. Eleza tatizo kwa dakika tano, pamoja na ulichokiona kwa macho kule mtaroni. Kisha uliza maswali mawili na unyamaze: "Nini kinatuzuia?" na "Sisi wa hapa tungeanza na lipi?" Andika majibu kwa maneno yao wenyewe. Mzee akisema kwa Kiiraqw au Kigorowa jambo ambalo Kiswahili kinalipunguza, mwache aseme, kijana atatafsiri. Mwishoni omba mikono, na kila aliyeinua aseme ataanza lini, wapi, na baada ya shughuli gani. "Nitajitahidi" ni ahadi isiyo na mlango. "Jumanne, nikishawapeleka watoto shule, nitatoa kiroba" ni ahadi yenye saa na mahali pake, na huyo ndiye utakayemkuta ameitimiza.

Ahadi ya namna hii ndiyo iliyokuwa nguvu ya Duru-Haitemba. Sheria iliyotungwa na kijiji ina mashahidi wengi kuliko askari yeyote.

6. Chagua mjumbe, na usiuze afya peke yake

Kwa miongo mingi tuliwaambia watu wachimbe vyoo kwa sababu ya kipindupindu. Desemba 2017 Wizara ya Afya ilizindua kampeni ya Nyumba ni Choo, na msanii Mrisho Mpoto akawa uso wake. Mkazo uliwekwa kwenye hadhi: nyumba haijawa nyumba mpaka iwe na choo bora. Ni somo kubwa. Mtu anayejenga kwa tofali za kuchoma na bati la rangi hajengi kwa hofu ya ugonjwa. Anajenga kwa fahari, na fahari hiyo ni nguvu unayoweza kuifungia mkokoteni.

Uliza basi watu wako wanajivunia nini. Mfugaji anajivunia ng'ombe wenye afya; zungumza naye malisho na maji. Mvuvi anajivunia perege mnono. Zungumza naye mazalia ya samaki kwenye matete ya ukingoni. Kijana wa bodaboda anajivunia uhodari barabarani. Usimwite mvunja sheria halafu utegemee akusikilize.

Mjumbe awe mtu anayefanana na msikilizaji na ambaye amelifanya jambo lenyewe. Mama aliyeokoa pesa ya mkaa kwa jiko banifu atawashawishi akina mama wenzake kuliko mtaalamu mwenye kipaza sauti. Mwombe aseme gharama, aseme ugumu alioupata wiki ya kwanza, awaonyeshe sufuria yake.

Wape watu na maneno ya kusema. Kenya ilikuwa na kampeni ya stika ndani ya matatu, yaani daladala zao, iliyowaambia abiria wazushe, yaani wapaze sauti dereva anapoendesha hovyo. Katika majaribio ya kwanza, madai ya bima ya magari yenye stika yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Abiria walikuwa na hofu ileile na haki ileile hata kabla ya stika. Walichokosa ni ruhusa ya kuvunja ukimya. Mtaani kwako pia wapo wengi wanaochukia kumwona jirani akimwaga taka mtaroni, lakini wanaogopa kuitwa wambea. Kubalianeni mkutanoni sentensi moja ya upole ambayo yeyote anaweza kuisema bila ugomvi: "Jirani, mkokoteni unapita Ijumaa." Ikishakubaliwa na wote, haitakuwa tena ya mtu mmoja.

7. Hofu na faini ni dawa zenye kipimo

Sisi wa Manyara hatuhitaji kufundishwa kuogopa. Mwaka 1990 Ziwa Babati lilifurika mpaka mjini. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Ukizungumza na watu wa hapa kuhusu maji na miteremko, zungumza kwa heshima ya waliofiwa.

Na uwe mwangalifu. Hofu humsogeza mtu pale tu anapoona kuna jambo analoliweza na lenye kusaidia. Ukimwonyesha hatari kubwa bila njia, atageuza uso, atasema ni mapenzi ya Mungu, au atakuchukia wewe mleta habari. Kwa kila sentensi moja ya hatari toa tatu za kazi: mtaro gani tuzibue kabla ya mvua za Novemba, mteremko gani tupande matete au miti, nani atamwamsha nani usiku maji yakipanda.

Faini nayo ina mtego wake. Katika shule kumi za watoto wadogo huko Haifa, Israeli, wazazi walikuwa wakichelewa kuwafuata watoto. Sita kati yake zikaweka faini ndogo. Uchelewaji ukaongezeka, ukakaribia mara mbili, na faini ilipoondolewa haukurudi chini. Mwanzoni mzazi aliona haya kumweka mwalimu akimsubiri. Baada ya faini aliona ananunua huduma. Aibu njema ikageuka bei.

Hii haina maana kwamba sheria ndogo zifutwe. Vijiji vya Duru-Haitemba vina faini. Lakini zilikuja baada ya makubaliano, zinatozwa na wenyewe kwa wenyewe, na kila mtu anajua fedha inakwenda wapi. Faini inayoshuka kutoka juu na kuishia mfukoni kusikojulikana huwafundisha watu kitu kimoja tu, kujificha. Jirani zetu wa Kondoa walionja ukali wa amri: mwaka 1979, chini ya mradi wa kuhifadhi ardhi wa HADO, mifugo yote iliondolewa katika maeneo yaliyokuwa yameliwa na mmomonyoko. Ardhi ilipona kwa sehemu kubwa, lakini wafugaji walibeba mzigo wote na wengi walihama na mifugo yao. Pima kila amri kwa swali hili: anayelipa gharama ni nani, na alikuwepo ilipoamuliwa?

8. Mila isiyovunjwa na mtu mmoja

Yapo mabadiliko ambayo kisiki chake ni jirani mwenyewe. Katika mkoa wetu ukeketaji ndio mfano mzito. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha kwamba wanawake 58 kati ya 100 wa Manyara, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamekeketwa. Ule wa 2022 ulionyesha 43. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini penye adhabu bila makubaliano, baadhi ya familia zimehamishia kitendo kwa vichanga, gizani, ambako mtoto hawezi kusema wala kukimbia.

Mama anayempeleka binti yake kwa ngariba mara nyingi anampenda. Anaogopa binti hataolewa, atachekwa kisimani, ataitwa mtoto maisha yake yote. Ukimweleza madhara ya kiafya atakubali kila neno, na bado atabaki na swali lake: nikiacha mimi peke yangu, binti yangu ataolewa na nani? Swali hilo haliwezi kujibiwa na mama mmoja.

Mwanazuoni Gerry Mackie alionyesha mwaka 1996 jinsi desturi ya Kichina ya kufunga miguu ya mabinti, iliyodumu karne nyingi, ilivyokwisha haraka katika kizazi kimoja. Wazazi waliunda vyama na kula kiapo cha pande mbili: sitamfunga binti yangu miguu, na mwanangu wa kiume hataoa aliyefungwa. Kiapo cha pili ndicho kilichofungua cha kwanza.

Kwa hiyo katika jambo la aina hii usianze na akina mama pekee. Waite wazazi wa wavulana, wavulana wenyewe, wazee wa ukoo na viongozi wa dini. Zungumza na familia moja moja kwa siri kwanza; mara nyingi utagundua wengi hawaipendi mila hiyo, ila kila mmoja anadhani yuko peke yake. Wanapofika idadi ya kutosha ndani ya mtandao mmoja wa kuoana, watamke hadharani, siku moja, wakisikilizwa na wote. Na binti aliye hatarini leo asisubiri mkutano wako. Huyo apelekewe msaada mara moja, kwa dawati la jinsia na watoto la polisi au afisa ustawi wa jamii.

9. Hesabu, na urudishe majibu

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Juhudi nazo ni mali. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, hesabu jambo moja kwa njia ileile: viroba vilivyotolewa, mita za mtaro zilizo wazi, miche iliyo hai. Andika, soma hadharani, shukuru, uliza nini kimekwama.

Chagua kwa makini unachokihesabu, kwa sababu watu watakupa hichohicho. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement nchini Kenya mwaka 1977, akina mama walilipwa kiasi kidogo kwa mche ulioshika na kuishi. Nasi tuna sherehe nyingi za "tumepanda miti elfu kumi." Waulize waliopanda: mwaka mmoja baadaye, mingapi ina majani?

Mpaka wa kutouvuka

Maarifa haya yana nguvu, na chenye nguvu huweza kutumika vibaya. Kipimo changu ni kimoja: usitumie njia ambayo ungeona haya kuieleza mbele ya wale uliowatumia. Ukiweza kusimama mkutanoni na kusema, "Niliweka viroba vya rangi ili muonane," uko salama. Ukijikuta unatunga takwimu, unamwaibisha maskini kwa kukosa asichokuwa nacho, au unawatumia wananchi kulinda eneo ambalo kesho atapewa mwingine, simama. Imani ikivunjwa mara moja, mtaa hukumbuka kwa miaka.

Miezi mitatu ya kwanza

Wiki ya 1 na ya 2: tazama, hesabu hali ilivyo, zungumza na kaya kumi. Wiki ya 3: ondoa kisiki kimoja unachokiweza bila kusubiri bajeti. Wiki ya 4: fanya kikao cha watu wasiozidi 25, wajadili, wainue mikono, waseme siku na saa. Mwezi wa pili: weka alama zionekane, andika idadi ubaoni, mpe mama mmoja au kijana mmoja nafasi ya kusimulia. Mwezi wa tatu: hesabu tena, soma majibu, kisha waulize wenyewe kama sasa wanataka sheria ndogo. Wakiitaka, itakuwa na wenyewe.

Na kazi ya kwanza ni ya kesho asubuhi. Acha bango, acha kipaza sauti. Chukua daftari, ukakae saa moja karibu na mtaro ule unaokuudhi, umtazame mtoto wa kwanza atakayekuja na ndoo ya taka kichwani. Usimkaripie. Mwamkie, umuulize katumwa na nani na angependa apeleke wapi kama angeweza. Jibu lake ndilo mstari wa kwanza wa daftari lako.